Seli Shina na Pumu ya Ngozi: Kinachofanyiwa Majaribio na Kinachouzwa Kwetu

Kila baridi inapokaza huku Nyanda za Juu Kusini, kati ya Juni na Agosti, wenye pumu ya ngozi huanza kuhangaika upya. Safari hii hangaiko limekuja na swali jipya. Nimelisikia sokoni Mwanjelwa, kwenye basi la kwenda Tunduma na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi wa Iringa na Mafinga: je, ni kweli ugonjwa huu sasa unapona kabisa kwa seli shina, yaani zile seli za mwili zinazoweza kuzalisha seli nyingine?

Swali hilo mara nyingi huja na pakiti ya "seli shina" mkononi. Niliyoonyeshwa na mama mmoja wa Uyole ilikuwa na picha ya tufaha lililokatwa upande mmoja, na upande wa pili duara la bluu linalong'aa. Maelezo yake yalisema unga uliomo unachanganywa na maji ya uvuguvugu, unanywewa asubuhi kabla ya kula, na ngozi "inazaliwa upya". Niliigeuzageuza kutafuta namba ya usajili wa dawa, haikuwepo. Dozi ya mwezi mmoja ilikuwa imemla gunia la viazi. Mwanawe wa miaka sita alikaa pembeni, mkono mmoja nyuma ya goti, anajikuna bila kusimama.

Nilimjibu kwamba matibabu ya seli shina kwa ugonjwa huu yapo, ila yapo kwenye majaribio. Yameonyesha dalili za kutia moyo, yakaanguka kwenye mtihani mmoja mkubwa, na hayahusiani kwa namna yoyote na unga wa kwenye pakiti ile. Kumweleza sababu kulichukua muda, kwa kuwa ilibidi tuanze na ugonjwa wenyewe.

Pumu ya ngozi, au ukurutu, ni ugonjwa wa muda mrefu ambamo mambo mawili yanakwenda kombo kwa pamoja. Kwanza, tabaka la juu la ngozi ni dhaifu. Maji ya mwilini yanatoka kirahisi, ngozi inakauka, na vitu vya nje kama sabuni, vumbi na bakteria vinapenya. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wamerithi hitilafu kwenye jeni la protini iitwayo filagrini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuliimarisha tabaka hilo. Hitilafu hiyo inaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya na Asia kuliko kwa Waafrika, lakini udhaifu wa ngozi na ukavu wake ni uleule. Pili, kinga ya mwili inawaka kupita kiasi: inavishambulia vitu ambavyo kwa mtu mwingine vingepita bila kuleta rabsha. Mambo haya mawili yanachocheana. Ngozi ikipasuka, kinga inawaka. Kinga ikiwaka, inawasha. Mtu akijikuna, ngozi inapasuka zaidi.

Ugonjwa huu hauambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto kutengewa kikombe wala kitanda. Hautokani na damu chafu wala na mkono wa jirani. Mara nyingi utakuta ndani ya ukoo huohuo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio, maana ni ndugu wa familia moja ya magonjwa. Katika baadhi ya nchi unampata hadi mtoto mmoja kati ya watano. Wengi wao hali hutulia wanapokua, lakini wapo wanaoingia nao utu uzima, na hao ndio wanaochoka hadi kununua chochote wanachoambiwa.

Kuna jambo linalowachelewesha watu wetu kutambuliwa. Maelezo mengi ya ugonjwa huu yanasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Nilipomwomba yule mtoto akunjue mguu, nyuma ya goti palikuwa na rangi ya kijivu inayoelekea zambarau, vipele vidogo vikizunguka kila kinyweleo, na ngozi imekuwa nene kwa kukunwa, mistari yake imekaza na kujichora. Kwenye kiwiko palikuwa na baka jeusi lililobaki baada ya kidonda kupona. Hiyo ndiyo sura ya ukurutu sugu kwetu, na mzazi anayesubiri wekundu atasubiri bure.

Mazingira yetu nayo yanachangia. Hewa ya baridi ya Makete, Njombe na Mufindi haina unyevu wa kutosha, na asubuhi nyingine inakuja na jalidi kabisa. Watu tunaoga maji ya moto sana, tunatumia sabuni ya mche ileile ya kufulia, tunavaa sweta la sufi moja kwa moja kwenye ngozi, kisha tunakaa karibu na moto. Kila kimojawapo kinaikausha au kuiwasha ngozi ambayo tayari ni dhaifu.

Sasa seli shina. Seli nyingi za mwili wa mtu mzima zimeshafungwa kwenye kazi moja: ya msuli inakunjuka na kujikunja, ya neva inapeleka taarifa, na hazibadiliki tena. Seli shina ni zile zenye uwezo wa kujigawa na kuzalisha seli nyingine za kazi maalumu. Mwaka 1961, mjini Toronto, wanasayansi James Till na Ernest McCulloch walionyesha kwa kutumia panya kwamba ndani ya uloto wa mifupa kuna seli za aina hiyo, zinazozalisha damu. Baadaye zikajulikana nyingine. Ngozi ina zake, ndiyo maana tabaka lake la juu hujifanya upya lote kwa muda wa kama mwezi hivi. Na zipo zinazopatikana kwenye uloto, kwenye mafuta ya mwilini na kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa, ziitwazo seli shina za mesenkima.

Mkanganyiko wote unaanzia hapa, kwa sababu mafanikio ya aina moja huwa yanatajwa ili kuuza nyingine. Na mafanikio ya kweli yapo. Mwaka 1968 mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao Wiskott-Aldrich alipandikizwa uloto huko Marekani. Ugonjwa huo unaharibu kinga ya mwili, na ukurutu mkali ni mojawapo ya dalili zake. Kinga ikijengwa upya kwa uloto wa mtu mwingine, hata ngozi inaweza kutulia. Mtu akikwambia amesikia mtoto aliyepona ukurutu kwa kupandikizwa, huenda hasemi uongo. Ila magonjwa ya namna hiyo ni nadra mno, na upandikizaji wenyewe unaanza kwa dawa kali za kuua uloto wa zamani. Kuna wanaopoteza maisha kwa upandikizaji. Hapa nchini Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza uloto watoto wenye selimundu, kazi ya kujivunia, na madaktari wanaikubali hatari hiyo kwa sababu selimundu yenyewe inaua. Kwa pumu ya ngozi ya kawaida, hakuna daktari mwenye busara atakayekubali hatari ya namna hiyo.

Mfano mwingine unaosambaa ni wa mtoto wa Ujerumani aliyepewa ngozi mpya karibu mwili mzima. Ni kweli pia. Habari zake zilichapishwa 2017: mvulana wa miaka saba, mjini Bochum, aliyekuwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ibanduke. Madaktari walichukua kipande kidogo cha ngozi yake, wakarekebisha jeni lenye hitilafu kwenye seli zake, wakaotesha ngozi maabara na kufunika karibu asilimia 80 ya mwili. Huo ulikuwa ugonjwa wa jeni moja lililoharibika. Ukurutu una jeni nyingi, kinga na mazingira ndani yake, na hata ukimvisha mgonjwa ngozi mpya, kinga ileile ingeendelea kuishambulia.

Hivyo, watafiti wanaoshughulikia ukurutu hawajaribu kuotesha ngozi. Wanatumia seli za mesenkima, na wanazitakia kazi nyingine kabisa. Yeyote aliyewahi kuishi jirani na msitu wa Sao Hill kule Mufindi ataelewa haraka. Septemba moto ukiingia kwenye misindano, kijiji hukimbia na matawi mabichi na majembe, watu hupiga moto, huchimba kinga ya moto, na ukizimika kila mtu anarudi kwake. Hawakwenda kupanda miche. Seli hizi zikidungwa mwilini hufanya kazi hiyo: hutoa kemikali zinazozituliza seli za kinga zilizowaka, na baada ya siku au wiki chache nyingi zinakuwa zimetoweka. Hazigeuki kuwa ngozi. Na kama majani makavu bado yapo, yaani ngozi bado inakauka na mtoto bado anaogeshwa kwa sabuni ya kufulia, moto unaweza kurudi. Anayeahidi kwamba ngozi "inazaliwa upya" ameshachanganya wazima moto na miche.

Wazo hilo la kutuliza kinga lina mantiki, na ndiyo maana limefanyiwa majaribio kwa watu. Korea Kusini ndiko walikokwenda mbali zaidi. Utafiti uliochapishwa 2017 ulihusisha watu wazima 34 wenye ukurutu wa wastani hadi mkali. Walidungwa chini ya ngozi, mara moja tu, seli zilizotokana na damu ya kitovu. Kati ya 11 waliopata dozi kubwa, yaani seli milioni 50, sita walipungukiwa na ugonjwa kwa nusu au zaidi. Ni habari njema, lakini itazame vizuri: ni watu wachache, na hakukuwa na kundi la kulinganisha lililopewa sindano isiyo na dawa.

Kundi hilo lina uzito mkubwa kwenye ugonjwa kama huu. Ukurutu hupanda na kushuka wenyewe. Mtu hutafuta tiba siku alizozidiwa, na aliyezidiwa mara nyingi hali yake hupungua hata asipofanya lolote. Ukimpa maji yenye chumvi akiamini ni dawa ya Korea, baadhi watakwambia wamepona. Ilipofika hatua ya tatu ya majaribio, wenye seli wakilinganishwa na waliopewa sindano tupu, matokeo yaliyotangazwa 2019 hayakuonyesha tofauti iliyotakiwa. Utafiti haukuishia hapo. Wanasayansi wanaendelea kujaribu dozi nyingine, vyanzo vingine na njia za kujua mgonjwa yupi ananufaika. Mimi naitakia kazi hiyo mafanikio kwa moyo wote, kwa sababu nimeona ukurutu mkali unavyomnyima mtu usingizi, kazi na hata ndoa. Lakini bado ni kazi inayoendelea. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza tiba ya seli za mesenkima, na ilikuwa kwa watoto waliopata madhara makali baada ya kupandikizwa uloto. Ukurutu haumo.

Turudi kwenye pakiti ya Uyole. Seli shina hai hutunzwa kwenye baridi kali mno, ndani ya naitrojeni ya kimiminika, na hudungwa muda mfupi baada ya kuyeyushwa. Ukizikausha ziwe unga, zimekufa. Hata kama zingekuwa hai, tumbo lingezimeng'enya sawasawa na linavyomeng'enya nyama au maharage. Na kama kilichomo ni cha tufaha kama picha inavyosema, seli za mmea haziwezi kuingia kwenye ngozi ya binadamu na kufanya kazi yake, kwa dozi yoyote. Wapo wanaonunua na kupata nafuu, siwabishii. Ila baadhi ni kwa ile tabia ya ugonjwa kupanda na kushuka, na kuna wakati bidhaa za namna hii huwa zimechanganywa kimyakimya na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili. Steroidi za kunywa hutuliza ukurutu kwa siku chache, halafu ukiziacha unarudi kwa kishindo. Mtoto anayenywa bila kipimo anaweza kudumaa, kuvimba uso na kushuka kinga.

Wenye uwezo zaidi hushawishiwa kusafiri nje kudungwa kwenye kliniki binafsi. Hapo hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu waliopofuka au karibu kupofuka baada ya kliniki ya Florida kuwadunga machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe. Walikuwa wamelipa dola 5,000 kila mmoja. Mwaka uliofuata wagonjwa 12 katika majimbo matatu walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu zilizotangazwa kuwa seli shina. Kama hayo yalitokea penye ukaguzi wa kutosha, mtu afikiri mara mbili kuhusu chumba kilichopangishwa juu ya duka.

Yule mama aliniuliza: basi tufanye nini? Ni swali la haki, na lina jibu.

Kwanza mtoto aonwe, kwa sababu si kila kinachowasha ni ukurutu. Kama muwasho unazidi usiku, uko kati ya vidole, na watu wengine nyumbani wanajikuna, fikiria upele wa wadudu, ambao dawa yake ni nyingine na nyumba nzima inatibiwa siku moja. Baka la mviringo lenye ukingo ulioinuka huenda ni fangasi, na krimu ya steroidi italikuza. Na niseme wazi jambo ambalo watu hulikwepa: Njombe, Iringa na Mbeya ni mikoa yenye maambukizi ya VVU juu ya wastani wa nchi, na vipele vya muwasho visivyoisha kwa mtu mzima vinaweza kuwa dalili ya kinga kushuka. Kupima ni bure, na dawa zikianza mapema ngozi nayo hutulia.

Ikithibitika ni ukurutu, nguzo ya matibabu ni mafuta. Mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, yapakwe mara mbili kwa siku au zaidi, mwili mzima, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Watu hupaka kidogo mno: mtoto mwenye ukurutu uliosambaa anahitaji kama robo kilo kwa wiki. Aoge kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, kwa sabuni isiyo kali. Ukimfuta, mgusishe taulo tu bila kumsugua, na umpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Sweta livaliwe juu ya fulana ya pamba.

Juu ya mafuta, panapowaka, panapakwa krimu ya steroidi iliyoandikwa na mhudumu wa afya. Najua hofu iliyopo. Wengi wameona ngozi zilizoharibiwa na mkorogo, ambao mara nyingi una steroidi kali ndani yake, na hofu hiyo ina msingi. Tofauti iko kwenye nguvu, mahali na muda. Haidrokotisoni ya asilimia moja usoni kwa siku chache si sawa na kopo la kung'arisha ngozi linalopakwa kila usiku kwa miaka. Kipimo ni hiki: kamua krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza. Kiasi hicho kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Paka hadi mwako utulie, acha, na endelea na mafuta.

Wasiotulia kwa hayo wapewe rufaa. Ipo tiba ya mwanga wa urujuanimno, zipo dawa za kutuliza kinga za siku nyingi kama methotreksati na siklosporini, zinazohitaji vipimo vya damu mara kwa mara. Tangu 2017 nchi tajiri zimekuwa zikitumia sindano ya dupilumabu, inayodungwa kila baada ya wiki mbili, ambayo inazuia ishara mahususi zinazoiwasha kinga. Hiyo imepita majaribio makubwa ambayo seli shina bado hazijapita, na kama kuna tiba mpya ya kudai ifike kwetu kwa bei inayobebeka, ningeanza na hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo ngazi ya juu kwa mikoa yetu, na Moshi, pale KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Ukifika hospitali ya mkoa wako, uliza kama kuna mtaalamu wa ngozi au siku maalumu ya kliniki yake.

Usisubiri siku ya kliniki ukiona malengelenge madogo yanayofanana yametokea ghafla juu ya ukurutu, yakiambatana na homa na maumivu. Huo huenda ni uambukizi wa virusi vya malengelenge ya mdomo uliosambaa kwenye ngozi dhaifu, nao unahitaji matibabu siku hiyohiyo. Usaha, magamba ya njano na ngozi inayotoa joto pia vipelekwe kituoni.

Ikitokea siku majaribio ya kweli ya seli shina yamefika huku kwetu, utayatambua. Yatakuwa na kibali cha kimaadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo Mbeya, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Utasomewa fomu ya ridhaa kwa Kiswahili, utaambiwa madhara yanayoweza kutokea, utakuwa na haki ya kujitoa siku yoyote, na hutadaiwa fedha ya dawa inayojaribiwa. Anayekuuzia "nafasi ya utafiti" hana utafiti. Na pakiti isiyo na namba ya usajili ipeleke ofisi ya TMDA ya kanda, iko Mbeya mjini; yule mama wa Uyole alikwenda nayo, pamoja na risiti.